Kwa Nini Mikono Yangu Haina Hina

Changamwe, Mombasa
Mwezi wa Rajabu

Mama yangu Bi Amina,

Shikamoo. Nimeshaisikia sauti yako ikiitika marahaba kabla hujatafuta pa kuketi, na nimemwona mdogo wangu Salma akiipasua bahasha hii kwa kisu cha jikoni kama afanyavyo siku zote. Niambieni kwanza hali zenu. Goti la kulia bado lakuamsha alfajiri? Macho je? Na ule mhina wa kando ya kisima, uliokuwa ukikauka juu na kuchipua chini, umeshika au mmeukata? Sisi huku ni wazima. Joto la kaskazi limeanza, na maji ya bomba huja yanapopenda.

Salma, msomee mama polepole. Usiruke mistari, hasa ya mwishoni, maana yakuhusu.

Mama, katika barua yako uliniuliza jambo moja tu, ukalizungushia salamu nyingi ili lisionekane. Nililiona. Khadija binti wa mjomba alikutana nami soko la Kongowea, akarudi Lamu akakwambia kwamba mikono yangu ni mitupu, haina hina wala piko nyeusi, kama mwanamke aliye kwenye eda. Ukauliza iwapo Athman ameniacha, au kuna aliyekufa nikawaficha.

Athman hajaniacha. Jana tu alinigombeza kwa sababu ya chumvi. Hakuna aliyekufa pia, ingawa kuna aliyekaribia, na huyo ndiye sababu ya mikono yangu kuwa mitupu. Jibu ni refu. Nimekaa nje ya nyumba yetu ya Mikindani, mchana wa siku yangu ya mapumziko, na nitakueleza kama lilivyokuwa.

Hospitali yetu, unakumbuka nilivyokwambia, iko kwenye mwinuko karibu na njia ya uwanja wa ndege. Ndege hupita juu yetu chini sana, hata wagonjwa hunyamaza katikati ya neno, wakangoja, kisha wakaendelea. Alasiri, ukisimama dirishani mwa wadi ya wanawake, ndege inayokuja kutua huonekana kana kwamba haisogei. Hutundikwa hewani kama taa, kubwa, nyeupe, kimya, na sauti yake hufika baadaye. Mgonjwa mmoja wa malaria aliniuliza kama na mimi naiona. Nikamwambia naiona. Akageuka ukutani, akalala.

Nilipoanza kazi hapa tulikuwa na macho, vidole na saa. Kipimajoto kilikuwa cha kioo, unakikung'uta kwanza. Presha tulipima kwa mpira wa kuminya na zebaki inayopanda. Kisha, mwaka baada ya mwaka, zikaja mashine zenye tarakimu. Kipimajoto kinacholia kama kifaranga kwapani. Mzee mmoja wa Kaloleni alikataa kututolea mpaka aambiwe kimesema nini. Mashine ya presha inayojijaza upepo yenyewe. Na kule mapokezi, kompyuta, ambayo karani wetu ameifunika kitambaa cha kufuma kama televisheni ya watu. Asubuhi huivua kitambaa, huiwasha, kisha huenda kununua mahamri, na akirudi ndiyo kwanza yaamka.

Kila mtu alizipokea kwa namna yake. Daktari Otieno ni mtu wa upande wa Kisumu, lakini amekaa pwani miaka mingi na Kiswahili chake ni chetu, isipokuwa akikasirika. Yeye, mashine ikipima mapigo ya mkono mmoja wa mgonjwa, hushika mkono wa pili na kuhesabu mwenyewe. Wakilingana, huitikisia mashine kichwa kama unavyomtikisia mwenzako wa kazi. Sista Wambui, mkuu wa wadi yetu, mwenyeji wa Nyeri, ndiye anayezipenda kwa dhati. Vitabu vya maelezo huvisoma wakati wa chakula, ukurasa kwa ukurasa, na huvifunga kwa karatasi ya kaki kama msahafu wa chuoni. Mimi nilizizoea bila kuzipenda wala kuzichukia. Ila ile ya mwisho, mashine ya kidole.

Nikueleze ilivyo. Ni kibanio, mfano wa kibanio cha nguo, chenye waya. Upande mmoja kina taa nyekundu, upande wa pili kina jicho. Ukikibana kidoleni, mwanga hupita ukuchani na nyamani, lile jicho likausoma wekundu wa damu, na mashine ikaandika hewa iliyomo damuni ni kiasi gani. Mtu mzima wa afya ni tisini na saba, tisini na nane. Ikishuka chini ya tisini, unainuka kitini. Haitaki sindano wala damu. Kwa mgonjwa aliyetoka kupasuliwa, ambaye nusu kaputi haijamtoka vizuri, ni jambo kubwa, maana yaweza kukwambia anakosa pumzi kabla macho yako hayajajua.

Siku ilipoletwa, bwana aliyekuja nayo kutoka Nairobi alitubana vidole mmoja mmoja. Sista Wambui akapata tisini na nane, akatabasamu kama aliyefaulu mtihani. Daktari akapata tisini na sita, akasema sigara ameacha, na hakuna aliyemuuliza. Zamu yangu ilipofika, nilikuwa nimerudi kutoka nyumbani, kwenye Maulidi. Ulikuwa umenipaka wewe mwenyewe, piko mpaka kwenye vifundo, na ncha za vidole zimejaa weusi. Mashine ikaandika vistari. Yule bwana akabadilisha kidole. Vistari. Akabadilisha mkono, ikaandika tarakimu ambayo mtu aliyesimama hana.

Daktari Otieno akainama kuitazama, akasema taratibu, "Dada Zuhura, kwa mujibu wa mashine wewe ni marehemu. Nani amekuruhusu kuja kazini?"

"Na bado yuadai chai," akasema Wambui. Neno hilo la "yuadai" alilijifunza kwangu na hulitumia vibaya makusudi.

Bwana wa Nairobi alifunua kitabu chake, hina haikuwemo. Akaniuliza ni wino gani huu. Nikamwambia ni kazi ya mama. Nakwambia kweli, mama, siku ile nilifurahi. Taa iliyotoka Ulaya ilikuja ikasimama mlangoni pa maua yako, isipite.

Lakini furaha ile haikufaa wadini. Unajua wanawake wa huku. Wanatoka Jomvu, wanatoka Kisauni, wanavuka kutoka Likoni, na wengi wamejipaka mikono na miguu. Tulijaribu kukibana kibanio sikioni. Kimetengenezwa kwa kidole, mgonjwa akigeuka kinaanguka. Tulijaribu vidole vya miguu, navyo vimepakwa. Wambui alijaribu kukwangua ukucha kwa wembe, mwenye ukucha akamwambia akwangue wa mamake. Hina imo ndani ya ukucha, haikwanguki.

Basi tukazoea. Mashine ikitoa vistari au tarakimu ndogo kwa mwanamke aliyepakwa, tuliandika kwenye chati neno moja, "hina", tukaendelea na kazi. Likawa neno la hospitali nzima. Kompyuta ya mapokezi ikiganda, karani husema imepakwa hina. Birika la umeme likikataa kuchemsha, hina. Dereva wa ambalensi alipochelewa kwa sababu gari halikuwaka, alisema dirishani, "Hina, Sista," na Wambui mwenyewe akacheka. Neno likizoeleka hivyo, mama, hulisikii tena unapolisema.

Sasa nakuja kwa yule bibi arusi.

Aliletwa wakati wa mvua za masika, akiwa bado ndani ya fungate. Jina lake ni Rukia, mtu wa Jomvu. Tumbo lilimshika upande wa kulia, wakadhani ni chakula cha arusi, wakamkanda, halikupoa. Alikuja kajifunika buibui mpaka kwenye nyusi, na somo wake, yule aliyemfunda unyumba, kamshika kiwiko. Somo alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti, na aliona haya kwa niaba ya watu wote. Bibi arusi hatoki nje kabla ya fungate kwisha, na huyu katolewa mchana kweupe. Alipoambiwa ni kidole tumbo na ni lazima apasuliwe, alimuuliza daktari kama haliwezi kungoja siku mbili fungate ikamilike. Daktari akamjibu kwa adabu kwamba kidole tumbo hakijui kalenda.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Rukia aliletwa wadini alasiri, kitanda cha dirishani, nikaketi naye mimi. Alikuwa amepewa sindano ya maumivu na alilala akikoroma kidogo. Somo akacheka chini chini, akaniambia, "Hili la kukoroma mumewe hajalisikia bado. Nalo limo kwenye mahari."

Nikambana kibanio. Mashine ikaandika themanini na mbili, ikaanza kulia. Wambui alikuwa akipita na dripu ya mgonjwa mwingine. Alitazama ile mikono, akabonyeza kinyamazishio, akasema, "Hina." Nami nikaandika hina.

Kwa nini tusingeandika? Mkono wenyewe ulikuwa hivi, mama. Mtambaa wa piko ulianza juu ya kifundo, ukapanda mgongoni mwa kiganja, ukagawanyika kwa kila kidole, na kwenye shina la kila kidole pana asumini iliyofunguka nusu. Kutoka pale mpaka ncha, weusi mtupu, uliokolea. Niliujua ule mtambaa. Ile asumini ya nusu ni yako. Nilimuuliza somo nani aliyempaka, akasema ni mpakaji wa Mji wa Kale, mtu wa kwao Lamu, aliyefunzwa mtaani kwetu Langoni. Nilikuwa nimeshika kiganja cha mtu wa Jomvu nisiyemjua, na ndani yake mna uwanja wa nyumba yetu.

Mvua ilinyesha ikafunga dirisha. Ndege ikapita juu, haikuonekana, nayo sauti yake ikachanganyika na mvua mpaka sikuweza kujua ni ipi. Umeme ukakatika, kama kawaida ya mvua. Wadi ikawa na kiza cha magharibi ingawa ilikuwa alasiri, na kilichobaki kuwaka ni ile tarakimu nyekundu, kwa sababu mashine ina betri yake. Nyuso za wagonjwa zilipotea moja moja. Nikabaki naufuata mtambaa kwa macho katika ule mwanga mwekundu, na nikawa nyumbani. Niliisikia harufu ya hina na ndimu na mafuta ya karafuu. Ulikuwa umeketi kwenye jamvi, goti moja juu, ule mti wa kupakia kama unyasi mkononi mwako, na ulikuwa ukiniambia nisitikisike, nisitikisike, ikishakolea haitoki. Nilikaa hivyo kwa muda gani sijui. Somo alikuwa kimya. Rukia naye alikuwa kimya, ameacha kukoroma, na mimi nikadhani amepata usingizi mzuri.

Nilipoinua macho, tarakimu ilikuwa sabini na sita.

Nilikumbuka nimeiacha themanini na mbili. Nikatazama tena, ikawa sabini na nne.

Nitakuandikia nilichofikiri, maana kilikuwa kifupi na nakikumbuka chote. Nilifikiri kwamba hina haishuki. Hina ikishakolea imekolea. Iliyokwisha kukolea haizidi kukolea kwa mvua moja. Kama hina iliiba kitu katika hesabu ya mashine, iliiba mara moja tu, pale mwanzo. Kinachoendelea kushuka ni kitu kingine.

Nikaweka shavu langu karibu na pua yake. Hapakuwa na upepo. Kifua kilikuwa kikijaribu kuinuka, hewa haiingii. Ulimi ulikuwa umeanguka nyuma ukaziba.

Nikaita, sikupiga kelele. "Wambui. Si hina."

Alifika kabla sijamaliza kuinua kidevu. Tuliivuta taya mbele, Wambui akakanyaga pampu ya mguu akafyonza mate, mimi nikashika barakoa na ule mfuko wa kuminya, tukampa hewa. Daktari Otieno alikuja na tochi, akamfunua mdomo akautazama ulimi, na rangi aliyoiona hakuitaja. Tarakimu ikaenda sabini na moja. Somo alikuwa amesimama, mtandio umemwanguka.

"Mwanangu yuwafa?" akaniuliza.

"Hajafa, bibi. Njoo kichwani kwake hapa. Mwite jina."

Akamwita. Alianza kwa upole, kisha akamwita kama anavyoitwa mtoto aliyelala sana siku ya chuo. "Rukia. We Rukia. Waamka au huamki? Mumeo yuko mlangoni, anakuona ulivyo."

Tarakimu ilisimama. Kisha ikapanda, taratibu, kama mtu mzima apandaye ngazi. Sabini na nane. Themanini na nne. Themanini na tisa, na pale ikakataa kupanda zaidi, ingawa Rukia alikuwa anavuta hewa mwenyewe na kukunja uso. Daktari akakitoa kibanio kidoleni, akakibana sikioni, na akakishikilia kwa mkono wake kisianguke. Tisini na saba.

Akatazama kile kidole cheusi. "Hiyo nane iliyopungua ndiyo ya hina," akasema. "Nyingine zote zilikuwa zake."

Umeme uliporudi Rukia alifumbua macho. Jambo la kwanza aliloliuliza ni kama plasta ya dripu imeharibu piko. Somo akaukagua mkono, akamjibu, "Piko haikuharibika. Nusura uharibike wewe." Kisha akaketi, akafunika uso kwa mtandio, na sikumtazama tena mpaka alipomaliza.

Yuko mzima, mama. Fungate waliianza upya, nimeambiwa, na watu wa Jomvu wameona hilo ni jambo la kuchekesha sana.

Kesho yake tulikaa kwenye chumba cha chai. Hapakuwa na kesi, maana hapakuwa na maiti. Wambui alikuwa amekuja mapema, akapitia chati za wadi, na kila penye neno "hina" akapiga mstari. Akasema kuanzia leo hakuna mtu anayeandika neno mahali pa tarakimu. Aandike tarakimu, hata kama ni ya kipuuzi, aandike na saa, kisha aandike inayofuata, atazame zinaelekea wapi. Alilisema hilo kwa sauti yake ya kawaida, lakini kikombe chake hakukigusa. Daktari alitaka tubandike tangazo langoni kwamba mwenye hina hapokewi mpaka itoke. Nikamwambia hina hutoka kwa wiki nyingi, na mwanamke aliyepakwa akisoma tangazo lile atarudi nyumbani na kidole tumbo chake, akakandwe. Akaniuliza basi nini.

Tatizo lilikuwa limegeuka. Mwanzo tuliiamini mashine. Kisha tukaamini hina. Sasa hakuna aliyeamini chochote. Hata kwa mwanamume asiye na doa kidoleni, tarakimu ikishuka kidogo, manesi walitazamana. Ndipo tukakubaliana kwamba kila zamu, kabla ya mgonjwa wa kwanza, kibanio kibanwe kwenye kidole kitupu cha mtu mzima, tujue mashine yasema kweli. Cha nani? Daktari hushinda chumba cha upasuaji na glavu. Wambui hupaka kucha rangi nyekundu, na aliposikia rangi hiyo nayo yaweza kuidanganya mashine alisema atastaafu kwanza. Wakanitazama mimi.

Basi niliacha kupaka. Hiyo ndiyo siri yote aliyoiona Khadija sokoni. Kucha zilikua, weusi ukasukumwa kuelekea ncha, na chini yake weupe ukapanda kama mwezi mwandamo, kidogo kidogo, mpaka siku moja nilipoosha mikono nikaona si yangu. Asubuhi huingia, hunyoosha kidole, mashine husema tisini na nane, na kazi huanza. Athman husema ameoa upya, mwanamke wa bara, na kwamba huyu ana chumvi zaidi. Majirani wa Mikindani wamekwisha kuuliza walichokuwa nacho. Kwenye arusi mimi hukaa nyuma na kuficha mikono ndani ya leso. Hilo sikufichi, nalihisi.

Lakini kidole changu hakimsaidii anayeletwa kapakwa vidole vyote. Kwa hiyo kliniki ya wajawazito nilianza kuwaomba wanawake waache kidole kimoja. Kimoja tu. Walinisikiliza kwa heshima, kisha mmoja akasema, "Nesi, wataniambia mpakaji aliishiwa na piko." Wote wakacheka, na alikuwa na haki. Hakuna mtu atakayevaa kasoro kwa sababu ya ugonjwa ambao hajaupata.

Nikamwendea yule mpakaji wa Mji wa Kale. Jina lake Bi Mwanahawa. Anakukumbuka, asema ulikuwa ukimpiga vidole kwa kijiti alipokosea. Nilimweleza habari ya Rukia yote, akalia kidogo, kisha akasema, "Mimi huiga, mwanangu. Mkono ninaoupaka ni wa Bi Amina. Akiacha kidole, nami nitaacha, na wa Mombasa wote watafuata. Nikiacha mimi, nitakosa wateja."

Sasa ndiyo nakuomba, mama. Shaabani Salma anaolewa. Lamu nzima itakuja kuitazama mikono yake, na wanaotoka Mombasa, na wanaotoka Malindi, na Bi Mwanahawa amesema atakuja. Salma usimpake kidole kidogo cha kushoto.

Salma, najua hapa umesita. Msomee mama. Msomee yote.

Najua utasema nini. Utasema bibi arusi hapungukiwi siku yake ya kwanza, na kwamba kidole kitupu ni ishara ya mtu asiyekamilika. Hujawahi kuutoa mkono nyumbani kwako ukiwa na pengo, na mimi ndiye ninayekuomba uutoe wa mwanao. Sina dawa ya hilo. Nina fikira moja, nawe ndiye fundi: mtambaa usikatike hapo kama uliochoka. Ufike kwenye shina la kile kidole, ukizunguke kama pete, umalizikie asumini iliyofumba. Wenye macho wataona kwamba palikusudiwa. Na ikiwa huwezi, mama, nitaelewa, na nitaendelea kunyoosha changu.

Nisalimie baba mdogo na wanafunzi wake wa chuoni. Mwambie dua yake ya safari naisoma mpaka nikiingia wadini. Nana umbusu mkono na umwambie dawa ya kikohozi nitakuja nayo mwenyewe, asiitumie ya jirani. Shangazi wa mikate ya mofa mwambie huku wanaipika, lakini ni ya kuhurumiwa. Mjomba na Khadija wasalimie pia, na Khadija mshukuru kwa macho yake mazuri. Athman anakuamkia, na anaomba radhi kwamba kazi ya uwanja wa ndege haitamruhusu kuja zaidi ya ile siku yenyewe.

Mimi nitatangulia. Nimeomba ruhusa, Wambui ameitia sahihi, na kwa siku hizo amekubali kufuta rangi ya kucha zake, jambo ambalo hospitali italikumbuka. Nitafika na mikono mitupu. Nipake mimi kabla ya Salma, ukumbini, mchana, mbele ya wageni, wote waone. Vidole tisa vijaze uwezavyo, nimeikosa hina mama, hata harufu yake. Cha kumi kiache. Na wakikuuliza kwa nini, usiwaambie habari za hospitali. Waambie ndio mtindo wa Mombasa.

Anayesubiri jamvi lako,
mwanao Zuhura